Nani Azoe Kinyesi cha Mbwa Wetu?

Mwezi huu nataka tuzungumze jambo ambalo wengine wataliona dogo, tena lisilopendeza kuandikwa gazetini. Lakini ni jambo linalovunja amani ya nyumba, linalowaondoa wasichana wema kazini, na kwa sisi tulio katika kazi ya uuguzi ni jambo la afya pia. Je, msichana wa kazi anapaswa kuzoa kinyesi cha mbwa au paka wa mwajiri wake?

Swali hili liliulizwa katika kikundi chetu cha akina mama kanisani, tulipokuwa tumemaliza somo na kuanza kunywa chai. Mama mmoja alikuwa ameachwa na msichana wake baada ya mume kuleta mbwa wawili wa ulinzi. Msichana alisema kwamba alikuja kulea mtoto na kupika, hakuja kutunza mbwa. Baadhi yetu walisema huyo ana kiburi, kwa kuwa anayelipwa mshahara hufanya analoambiwa. Wengine walisema hata wao wasingekubali. Hatukuafikiana siku ile, nami niliahidi kuliandika hapa.

Kwanza tujiulize mnyama huyo ni wa nani. Katika nyumba nyingi mbwa huletwa na baba kwa sababu ya wezi. Paka huletwa kwa sababu ya panya. Au mtoto huja na kitoto cha mbwa kutoka kwa jirani, akalia mpaka akakubaliwa. Siku hiyo kila mtu hufurahi, na hakuna anayeuliza ni nani atakayefagia banda kesho asubuhi. Kesho yake kazi hiyo humwangukia yule ambaye hakuulizwa kabisa. Mithali 12:10 hutufundisha kwamba mtu mwenye haki huangalia maisha ya mnyama wake. Ni mnyama wake yeye mwenyewe, na utunzaji ni wake. Anaweza kumwajiri mtu amsaidie, lakini hawezi kumwachia mzigo wote na yeye akabaki na sifa ya kufuga.

Mama mwingine aliuliza: "Lakini si anafua nepi za mtoto na kusafisha choo? Kuna tofauti gani?" Ni swali zuri, nami nitalijibu kwa kazi yangu. Sisi wauguzi huondoa uchafu wa wagonjwa kila siku, wala hatuoni aibu. Hakuna kazi halali iliyo ya kudharauliwa. Lakini mimi nilijua kazi hiyo ilivyo kabla sijaingia chuoni. Nilifundishwa namna ya kuifanya. Ninavaa glavu, na nina mahali pa kunawa. Nikijichoma sindano, kuna utaratibu wa kunihudumia saa hiyo hiyo. Msichana anayeambiwa tu, "Hebu toa uchafu ule pale," mara nyingi hana hata kimoja kati ya hivyo. Tofauti iko hapo. Tena nepi haimng'ati mtu.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: anaweza kuifanya kazi hiyo ikiwa mlikubaliana, ikiwa umempa kinga, na ikiwa hali yake inamruhusu. Pasipo mambo hayo matatu, usimlazimishe.

MAPATANO

Hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi. Humo huandikwa kazi atakazofanya, mahali pa kazi, saa za kazi na malipo yake. Wengi wetu tunadhani sheria hiyo ni ya viwandani na maofisini tu, lakini mfanyakazi wa nyumbani naye ni mfanyakazi. Basi chukua karatasi, mkae mezani, uandike: kupika, kufua, kulea mtoto, na kama mna mbwa, andika mbwa. Kama mbwa amekuja baadaye, kazi imeongezeka. Mzungumze upya, na ikiwezekana uongeze chochote kwenye mshahara. Kumbukumbu la Torati 24:14-15 inatukataza kumwonea kibarua maskini, na inatuonya juu ya kilio chake kinachomfikia Mungu. Kazi iliyoongezwa kimya kimya bila malipo ni namna ya kupunja ujira.

Vivyo hivyo kwa wale akina mama wanaokuja kwa kutwa kufua na kusafisha, kisha wanarudi kwao jioni. Huyo ana nyumba mbili au tatu kwa siku. Mwambie mapema kwamba kuna mbwa. Mbwa afungwe kabla hajafika, na uchafu wa usiku uwe umeondolewa na wenye nyumba. Ukitaka auondoe yeye, mpatane bei.

HATARI ZILIZOPO

Kinyesi cha mbwa na paka hubeba minyoo. Mayai ya minyoo ya mbwa hukaa kwenye udongo, na baada ya wiki chache huwa tayari kumwambukiza mtoto anayechezea mchanga na kutia vidole mdomoni. Minyoo hiyo inaweza kufika kwenye ini, mapafu na hata jicho. Minyoo mingine ya safura hupenya ngozi ya miguu mitupu na kuacha mistari inayowasha sana. Yuko pia tegu wa mbwa, ambaye humpata mbwa anayelishwa maini na mapafu mabichi kutoka machinjioni. Mayai yake yakimwingia mtu, uvimbe wa maji unaweza kukua ndani ya ini kwa miaka mingi.

Paka naye huweza kutoa vijidudu vya toksoplasma. Mtu mwenye afya njema mara nyingi hata hajui kuwa ameambukizwa. Lakini mwanamke akiambukizwa kwa mara ya kwanza akiwa mjamzito, vijidudu vinaweza kumfikia mtoto tumboni, mimba ikaharibika au mtoto akazaliwa na madhara ya macho na ubongo. Mtu mwenye kinga dhaifu pia yuko hatarini. Maambukizi haya hupatikana vilevile kwa nyama isiyoiva na mboga zisizooshwa vizuri, kwa hiyo tusimtupie paka lawama zote.

Hatari kubwa kuliko zote ni kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu hauletwi na kinyesi, bali na mate, kwa kung'atwa au kukwaruzwa. Lakini anayeingia bandani kila asubuhi ndiye anayekaribia meno. Dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa.

Nakumbuka msichana mmoja aliyeletwa kliniki na jirani, siyo na mwajiri wake. Alikuwa ameng'atwa mkononi siku tano kabla, akifagia banda. Kidonda alikipaka mafuta ya taa na kukifunga kitambaa, akaendelea kupika na kumwogesha mtoto. Nilipomuuliza kwa nini hakusema, alinijibu kwamba mbwa yule alinunuliwa kwa fedha nyingi, naye aliogopa kuonekana amemchokoza, akarudishwa kijijini. Mbwa hakuwa amechanjwa. Tulimwanzishia chanjo, akapona. Lakini fikirini, mama zangu: binti wa watu alikuwa tayari kuhatarisha maisha yake kuliko kutamka neno moja mbele ya mama mwenye nyumba. Alimwogopa mwajiri kuliko kifo, kwa sababu kifo hakukijua na mwajiri alimjua.

Basi mwambie msichana wako leo, kabla jambo halijatokea: "Ukiumwa na mbwa au paka, niambie saa hiyo hiyo. Hutafukuzwa wala hutakatwa mshahara." Kidonda kioshwe mara moja kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kwa muda wa dakika 15. Msitie mafuta ya taa, pilipili wala majani. Kisha nendeni kituo cha afya siku ileile mkaulize chanjo. Hutolewa kwa awamu kadhaa. Msikatishe hata kama kidonda kimepona. Gharama yake ni ya mwenye mbwa.

Na mbwa achanjwe. Anza akiwa na miezi mitatu, kisha urudie kila mwaka. Muulizeni afisa mifugo wa kata yenu. Kisiwani Pemba ugonjwa huu umewahi kutokomezwa kwa kuchanja mbwa kwa wingi, kwa hiyo jambo hili linawezekana. Mbwa apewe pia dawa ya minyoo kila baada ya miezi mitatu, na asilishwe matumbo mabichi.

HALI YA MSICHANA MWENYEWE

Tazama umri wake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, na inakataza mtu aliye chini ya miaka 18 kufanya kazi za hatari. Kumwingiza binti mdogo kwenye banda la mbwa mkali si kazi nyepesi hata kidogo.

Tazama kama ni mjamzito. Kama ni mjamzito, asiguse boksi la mchanga la paka. Sharti hilo likuhusu na wewe mama mwenye nyumba ukiwa mjamzito.

Tazama imani yake. Wasichana wengi tunaowaajiri ni Waislamu. Waislamu wengi wa Afrika Mashariki hufuata madhehebu ya Shafi, ambamo mate ya mbwa ni najisi nzito. Kilichoguswa nayo huoshwa mara saba, mara moja kati ya hizo kwa udongo. Ukimlazimisha kugusa sahani ya mbwa kisha ukamcheka anapokwenda kutafuta udongo, unamsumbua katika sala zake. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Nani kati yetu angependa binti yake afanyiwe hivyo katika nyumba ya watu wa dini nyingine? Ushuhuda wetu wa Kikristo huonekana hapo kuliko katika nyimbo tunazoimba jikoni.

NAMNA YA KUFANYA KAZI HIYO

Yeyote atakayeifanya, afuate haya:

1. Kinyesi kiondolewe kila siku. Vijidudu vya paka huhitaji siku moja hadi tano kabla ya kuweza kuambukiza, kwa hiyo ukiondoa mapema umejikinga.

2. Avae glavu za mpira na viatu vya kufunika miguu. Awe na chepe, ufagio na ndoo za kazi hiyo tu, visiingie jikoni kamwe.

3. Kinyesi kifukiwe kwenye shimo refu, mbali na kisima na bustani ya mchicha. Kisitumiwe kama mbolea ya mboga.

4. Sakafu ya saruji imwagiwe maji yanayochemka. Dawa ya klorini haiui mayai ya minyoo. Tena isimwagwe juu ya mkojo wa paka, kwa sababu hutoa hewa inayodhuru kifua.

5. Rundo la mchanga wa ujenzi lifunikwe, maana paka hupenda kujisaidia humo, na watoto hupenda kucheza humo.

6. Anawe mikono kwa sabuni kabla ya kupika au kumshika mtoto.

Hili la sita lifikirieni sana. Mikono inayozoa kinyesi cha mbwa saa 12 asubuhi ndiyo inayokoroga uji wa mtoto saa 1. Hata mama asiyemhurumia msichana, amhurumie mtoto wake. Glavu na kipande cha sabuni ni rahisi kuliko dawa za hospitali.

KAZI YA WENYE NYUMBA

Sheria inampa mfanyakazi siku ya kupumzika kila wiki. Siku hiyo mbwa hapumziki kujisaidia. Je, ni nani huzoa? Kama jibu lenu ni kwamba uchafu humsubiri msichana arudi kesho yake, hapo pana kasoro. Mtoto mkubwa aliyelilia kitoto cha mbwa afundishwe kuvaa glavu na kufanya zamu yake chini ya uangalizi wenu. Baba aliyeleta mbwa wa ulinzi aombwe kwa upole ashike zamu ya Jumamosi. Mwambieni akiwa ameshiba na ametulia, siyo mbele ya wageni. Wengi wao wakiombwa vizuri hukubali.

Nasi pia tusijiweke juu ya kazi hiyo. Katika Yohana sura ya 13, Bwana wetu alijifunga kitambaa akawaosha wanafunzi miguu, kazi iliyofanywa na watumishi. Mama anayeweza kuinama mwenyewe akazoa, hata mara moja kwa wiki, hatakuwa mwepesi wa kumwita msichana mwenye kiburi.

Yule mama wa kikundi chetu amepata msichana mwingine. Safari hii alimwonyesha mbwa kabla ya kumwonyesha chumba, wakapatana nyongeza, na mume amenunua glavu na viatu vya mpira. Hata hivyo anasema mtoto bado anamlilia yule wa kwanza, kwa sababu ndiye aliyemlea tangu kuzaliwa. Huyo hakuondoka kwa kuchukia kazi. Aliondoka kwa kuwa hakuna aliyemuuliza.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda. Amani ya Kristo ikae nyumbani mwenu.