Kitanda hakizai haramu: kisa cha jaji wa Awaara

Wazee wa Kariakoo ukiwatajia Awaara, wengi huanza na wimbo. Kihindi hawakijui, lakini wimbo wanao. Ujanani walivuka Mnazi Mmoja kwa miguu kwenda sinema za mjini, kama Avalon, Empire na Odeon, na filamu hiyo ya mwaka 1951 ni miongoni mwa zilizopendwa mno Dar es Salaam.

Kisa chenyewe ni cha nyumbani. Jaji Raghunath anaamini kuwa mtoto wa mwizi lazima awe mwizi, na kwa imani hiyo amewahi kumfunga Jagga. Jagga anapotoka anakuwa jambazi kweli, anamteka Leela, mke wa jaji. Akigundua kuwa ni mjamzito anamrudisha bila kumgusa, akijua kazi iliyobaki itafanywa na maneno ya watu.

Ikafanywa. Jaji anamfukuza mkewe usiku, na mtoto, Raj, anazaliwa barabarani. Anakulia kwenye vibanda vya Bombay, ambako Jagga anamfundisha wizi makusudi, ili damu ya jaji nayo itoe mwizi.

Watazamaji wa hapa hawakuhitaji kutafsiriwa hayo. Katika nyumba ya Kiswahili yenye wapangaji chumba kwa chumba na uani mmoja, maneno yanafika bila jambazi kuyaleta. Na imani ya jaji ina jina letu: mtoto wa nyoka ni nyoka. Mama aliyeachwa humwambia hivyo mwanawe akikosea kidogo tu, “baba yako mtupu wewe,” na mtoto hana jibu, maana baba hayupo. Ila wazee walikuwa pia na msemo wa kumzuia mume mwenye shaka: kitanda hakizai haramu. Aliyezaliwa ndani ya ndoa ni wa nyumba ile, mjadala umekwisha.

Siku hizi msemo huo hauwatoshi baadhi ya akina baba. Wanataka vinasaba. Mkemia Mkuu wa Serikali ana maabara Dar es Salaam hii hii, na tangu sheria ya mwaka 2009 kipimo hicho kina utaratibu: ombi hupitia kwa wahusika kama mahakama, wakili au ustawi wa jamii, si mtu kujiendea na mtoto mkononi. Baba ana haki ya kuuliza. Lakini anapouliza kwa kelele uani, mtoto wa miaka tisa akisikiliza, swali lenyewe limeshamfukuza kabla majibu hayajatoka.

Raghunath hakuuliza popote. Na mtoto alikuwa wake.

Jambo la kuchekesha ni kuwa jaji huyo aliigizwa na Prithviraj Kapoor, baba mzazi wa Raj Kapoor, aliyeiongoza filamu na kumwigiza Raj mkubwa. Raj mdogo ni Shashi, mdogo wake. Ukoo ulioshikamana ukaigiza ukoo uliosambaratika.

Mwishoni Raj anahukumiwa miaka 3 jela, na jaji anamfuata huko kuomba msamaha. Leela hakuwepo kuusikia. Alikuwa amekufa kwa kugongwa na gari, na gari lilikuwa la jaji.