MSAMAHA SI LESENI YA BUNDUKI



Mtu aliyefutiwa leseni ya bunduki, au aliyenyimwa tangu mwanzo, anapotaka kuomba upya hutafuta watu wa heshima wamshuhudie. Hapo ndipo anapobisha hodi kwa padre, kwa katekista, au kwa mwenyekiti wa jumuiya ndogo ndogo, akiomba barua ya mwenendo mwema. Nasi huiandika upesi, kwa kuwa mtu huyo hutoa zaka na alichangia mabati ya kanisa. Nasema waziwazi: anayetia sahihi barua hiyo bila kuuliza kwa nini leseni ilifutwa anatenda dhambi dhidi ya haki.

Tutazame yaliyotokea Uingereza, nchi yenye sheria kali za silaha. Mwezi Septemba 2020, katika mji wa Plymouth, kijana mmoja mwenye leseni aliwapiga vijana wawili bustanini. Mwezi Desemba polisi walichukua bunduki yake ya marisau pamoja na cheti chake. Mwezi Julai 2021 walimrudishia vyote viwili. Tarehe 12 Agosti mwaka huohuo alimwua mama yake mzazi, kisha akatoka nje akawaua watu wengine wanne, mmoja wao akiwa mtoto wa miaka 3, na mwishowe akajiua mwenyewe. Mwaka 2023 baraza la wazee wa mahakama lililochunguza vifo hivyo lilitamka kwamba ofisi ya leseni ya polisi ilikuwa na kasoro kubwa. Bunduki ile haikuibwa wala haikuingizwa nchini kwa magendo. Ilitoka mikononi mwa serikali ikarudi mikononi mwa mwuaji, kwa utaratibu wa ofisi.

Wala hilo halikuwa funzo la kwanza. Tarehe 13 Machi 1996, huko Dunblane, Uskoti, mtu mwenye bastola alizomiliki kwa leseni aliingia shuleni akawaua watoto 16 na mwalimu wao. Mwaka 1991, ofisa mmoja wa polisi alikuwa ameandika kwa wakubwa wake akipendekeza mtu huyo anyang'anywe leseni. Maneno yake hayakufuatwa. Kulikuwa na mtu aliyeona na kusema, lakini wenye mamlaka waliona ni vigumu kumnyima mwombaji kuliko kuwalinda watoto.

Tupime sasa mizani hiyo. Kwa sheria ya Uingereza ya mwaka 1968, aliyenyimwa au kufutiwa cheti anaweza kukata rufaa mahakamani. Ni haki yake, wala siipingi. Lakini jirani anayemwogopa, au mke anayepigwa, hakupewa rufaa ya namna hiyo pindi cheti kinapotolewa. Mwenye bunduki ana mlango wa kugonga, na asiye na bunduki hana. Kwa sababu hiyo ushuhuda wetu una uzito mkubwa: huenda tukawa sauti pekee ya wale wasioulizwa.

Hapa kwetu Kenya, Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inamtaka mwenye kutoa cheti aridhike kwamba mwombaji ana sababu ya kutosha, na kwamba kumruhusu hakutahatarisha usalama wala amani ya watu. Mlevi na mtu asiye na akili timamu hawastahili. Basi ni nani ajuaye ulevi wa mtu kuliko wanajumuiya wenzake? Faili la ofisi halisikii kelele za usiku, bali jirani anazisikia.

Wapo watakaonijibu: "Padre, mtu ametubu. Je, Kanisa halisamehe?" Kanisa linasamehe, na malango yake hayafungwi. Lakini ondoleo la dhambi halimrudishi mwizi kwenye utunzaji wa sanduku la sadaka juma lifuatalo. Toba ya kweli hurekebisha madhara kwanza, tena haina haraka ya kudai silaha. Anayesema amebadilika, huku akikasirika kuulizwa juu ya jambo lililomfanya anyang'anywe bunduki, amekwisha kujishuhudia mwenyewe.

Wengine watasema kwamba wapo walionyimwa kwa chuki au kwa kukosa kutoa hongo. Ni kweli kwamba dhuluma ipo. Mtu wa namna hiyo aelezwe sababu kwa maandishi, asikilizwe, nasi tusimame naye bila hofu. Lakini tusimame naye kwa ukweli tuliouchunguza, si kwa sababu tunamfahamu.

Kwa hiyo nawasihi viongozi walei wa kila parokia:

1. Msiandike barua kabla ya kujua sababu ya kufutiwa au kunyimwa leseni.

2. Wasikilizeni walioumizwa, na hasa mke na watoto, kwa faragha na mbali na mwombaji.

3. Mkijua hatari, wajulisheni wenye mamlaka. Kunyamaza si upole.

4. Mkiona hamwezi kushuhudia, kataeni waziwazi, hata kama mwombaji ni mfadhili wa parokia.

Kaini aliulizwa habari za ndugu yake baada ya damu kumwagika. Sisi tunaulizwa mapema, kalamu ikiwa bado mkononi.

Maswali ya kujadili katika jumuiya: Je, tumewahi kumshuhudia mtu kwa kumwogopa au kwa kumwonea haya? Nani kati yetu anaishi kwa hofu, na hatujamwuliza?