Betri Haina Kosa: Pima Kwanza!

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nasema kuwa katika mitaa yetu, kuanzia Makongeni pale Thika hadi Kimbo kule Ruiru, watu wanajenga ukuta kila mwezi na ufa wameukodolea macho. Ukuta wenyewe ni betri mpya za pikipiki. Ufa ni hitilafu ndogo ambazo mtu aliyesoma Fizikia ya Kidato cha Kwanza anaweza kuzigundua nyumbani kwa muda mfupi. Maoni yangu ni haya: mtu asinunue betri kabla ya kupima, na wa kumpimia ni mimi na wewe.

Pengine utauliza, jambo hili linatuhusu nini sisi wa yunifomu? Linatuhusu sana! Wengi wetu karo yetu hutoka juu ya kiti cha bodaboda. Pikipiki ikikataa kuwaka alfajiri, abiria wa kwanza huchukuliwa na mwingine, na jioni mama huambiwa, "Leo hakuna kitu." Kaka yangu alinunua betri mbili katika muhula mmoja. Kila mara muuzaji aliigusa tu ya zamani na kusema, "Hii imekufa, leta elfu mbili." Hakupima chochote. Betri ya pili ilipoanza kulegea tuliipima nyumbani, tukaona kuwa betri ilikuwa nzima ila haikuwa ikichajiwa. Plagi ya waya zinazotoka kwenye koili ilikuwa imeungua ikawa nyeusi tititi. Kuitengeneza kuligharimu shilingi 150.

Hebu tuelewane kwanza jinsi mambo yanavyokwenda. Betri ni kama tangi la maji. Injini inapozunguka, sumaku huzunguka pamoja nayo karibu na koili na umeme huzaliwa. Huu ndio ugunduzi wa Michael Faraday wa mwaka 1831, ambao tutausoma Kidato cha Nne. Umeme huo hupitia kwa rektifaya, ambayo huunyoosha uende upande mmoja na kuuzuia usizidi kiasi, kisha huingia katika betri. Basi tangi likikutwa tupu kuna maswali matatu. Je, tangi limetoboka? Je, mfereji hauleti maji? Au kuna mtu aliyeacha bomba wazi usiku kucha? Anayenunua tangi jipya bila kujiuliza maswali hayo anabahatisha.

Kabla ya kupima, tazama. Vichwa vya betri vikiwa na unga mweupe au wa kijani, au waya ikicheza ukiigusa, umeme haupiti vizuri. Zima pikipiki, toa waya ya hasi kwanza, kisha ya chanya. Osha vichwa kwa maji ya moto yenye magadi, yale yale ya kupikia githeri, kwa maana magadi ni besi na huua makali ya asidi. Angalia tu yasiingie ndani ya betri. Kausha, paka Vaseline kidogo, kaza, ukianza na ya chanya. Mara nyingine ugonjwa wote huishia hapo.

Kama haukuisha, chukua multimita, ile ambayo mafundi huiita mita tu. Ya kwetu ilinunuliwa kwa shilingi 600, chini ya theluthi ya bei ya betri moja.

Kipimo cha kwanza huchukuliwa pikipiki ikiwa imezimwa na kupumzika saa kadhaa. Betri iliyojaa husoma volti 12.6 au zaidi kidogo. Ikisoma 12.2 imebaki nusu hivi, na chini ya 12 imekaribia kwisha. Betri ina seli sita, kila moja volti 2.1 hivi. Kwa hiyo ukiichaji vizuri na bado ikakwama kwenye 10.5, yaelekea seli moja imekufa, na hapo ndipo betri mpya inapostahili.

Cha pili, tazama mita huku mwenzako akibonyeza stata. Betri iliyojaa ikianguka chini ya volti 9.5 hivi, imedhoofika, haiwezi tena kubeba mzigo.

Cha tatu ndicho watu wengi hawakifanyi kamwe. Washa injini kwa kiki, piga resi kidogo, usome tena. Mita ikipanda hadi kati ya 13.5 na 14.5, kuchaji ni kuzuri. Ikibaki pale pale, kosa liko kwenye waya, koili au rektifaya. Ikipita 15, rektifaya haizuii tena, na betri inachemshwa. Hapo hata ukinunua betri kumi, zote zitakufa vivyo hivyo.

Cha nne ni cha yule anayeacha bomba wazi. Peleka mita kwenye ampea, ukihamisha waya yake nyekundu hadi tundu la ampea 10. Zima switchi, toa waya ya hasi kwenye betri, uweke mita katikati ya waya hiyo na kichwa cha betri. Usibonyeze stata wakati huo, utaunguza fyuzi ya mita. Ukikuta ampea 0.1 inavuja, piga hesabu: betri ya ampea-saa 5 itakwisha kwa saa 50, na stata itakataa mapema zaidi ya hapo. Wezi wa usiku mara nyingi ni redio, alamu, chaja ya simu na zile taa za mapambo zilizoungwa moja kwa moja kwa betri.

Tahadhari: betri inayochajiwa hutoa haidrojeni, kwa hivyo kiberiti na sigara kando. Ndani yake mna asidi ya salfuriki, basi linda macho. Ile ya kuongezwa maji huongezwa maji yaliyotoneshwa, siyo ya mfereji wala asidi. Iliyozibwa kabisa usiifungue.

Kuna jambo jingine zaidi ya pesa. Betri unayoitupa ina risasi, na risasi ni sumu. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi kuanzia 2007 hadi 2014, na risasi ikaingia hadi katika damu za watoto. Phyllis Omido, aliyewapigania wakazi, alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaunga mkono malipo hayo. Kila betri nzima inayotupwa bure ni risasi tunayoitafutia mtoto wa kumdhuru.

Najua kuna watakaosema, "Mtoto wa shule anajua nini? Mnataka kuwanyima mafundi kazi!" La hasha! Fundi wa kweli hupima, na hafurahii mteja arudi analalamika. Kubadilisha koili bado ni kazi yake. Tunayempinga ni yule anayeuza bila kupima. Wengine watasema pikipiki yao huwaka kwa kiki, kwa hivyo betri si hoja. Je, taa ya nyuma ikififia usiku katika Barabara Kuu ya Thika, dereva wa lori atakuona kwa kiki?

Nina maombi mawili. Walimu wetu wa Fizikia, tunaomba mita za maabara zitolewe Ijumaa moja kila mwezi baada ya masomo, wazazi na ndugu zetu walete pikipiki langoni, tupime mbele yenu. Nanyi wenzangu, jioni hii ulizeni nyumbani, "Betri ya mwisho ilinunuliwa lini, na nani aliipima?" Mkijibiwa kuwa hakuna aliyeipima, basi kazi yenu mmeiona.

Kalamu naiweka chini. Mita nyinyi ishikeni.