Mgonjwa wa mifupa msimfungie kitandani

Juma hili nakusudia kukukataza huruma ya aina moja. Ni ile ya nyumba nzima kumwambia aliyevunjika mguu, "Wewe lala tu, usiguse kitu." Chakula kitandani, maji ya udhu kitandani, na akijaribu kuinuka anakaripiwa. Wanaofanya hivyo wanatafuta thawabu, na Allah (S.W.) anazijua nia zao. Lakini mwili aliouumba una kanuni zake, na kanuni hizo zimechunguzwa.

Zamani hospitali nazo zilimlaza mgonjwa wa mifupa kwa wiki nyingi. Mwaka 1947 daktari wa Uingereza, Richard Asher, aliandika makala kuonya juu ya madhara ya kulala muda mrefu: misuli kunywea, viungo kukakamaa, damu kuganda miguuni, vidonda mgongoni. Kisha Dkt. Robert Salter na wenzake wa Toronto, Kanada, wakachapisha mwaka 1980 utafiti wao juu ya sungura. Walitoboa vishimo vidogo kwenye gegedu la goti. Sungura wengine walifungwa goti lisisogee, wengine wakaachwa watembee, na wengine goti lao likakunjwa na kukunjuliwa na mashine mfululizo. Gegedu lililopona vizuri zaidi ni la hao wa mwisho.

Mashine kama hizo zikaenea hospitali za nchi tajiri. Hapa ndipo ninapoupendea utafiti, maana haumwonei haya mtu. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2014 yalionyesha kwamba kwa waliobadilishiwa goti, mashine hiyo haikuongeza faida ya maana. Basi usisikitike kwamba hospitali ya wilaya yako haina mashine. Goti unalolikunja mwenyewe kwa kufuata maelekezo halikosi kitu kikubwa.

Na vijana wetu wa mpira je? Mwaka 2010 watafiti wa Ireland ya Kaskazini waliwachunguza watu 101 walioteguka kifundo cha mguu. Walioanza mazoezi maalumu wiki ile ile ya kwanza waliutumia mguu vizuri zaidi katika wiki mbili za mwanzo kuliko waliotibiwa kwa utaratibu wa kawaida wa kupumzisha na kuweka barafu, na uvimbe wao haukuzidi. Mwaka huo huo Sweden ilitoa matokeo ya vijana 121 waliokatika kano ya mbele ya goti. Nusu walipasuliwa mapema na kufanya mazoezi. Wengine 59 walianza na mazoezi, kwa ahadi ya kupasuliwa baadaye ikibidi. Baada ya miaka miwili makundi yale yalikuwa sawa, na katika hao 59 ni 23 tu waliokuwa wamepasuliwa. Mzazi anayetaka kuuza kiwanja ampeleke mwanawe kupasuliwa goti nje ya nchi aulize kwanza kuhusu mazoezi.

Ninayemhofia zaidi ni bibi aliyeanguka bafuni akavunjika nyonga. Yeye kulala kunaweza kumwua, kwa nimonia au damu iliyoganda, hata kama mfupa wenyewe haujamwua. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2011 unataka aliyepasuliwa nyonga aanze kusimamishwa siku ya pili yake, isipokuwa pawepo sababu ya kitabibu. Akiambiwa asimame, msilie mkamrudisha kitandani. Mshikeni mkono.

Sisemi kila mfupa uchezwe. Pale palipovunjika pana muda wake wa kutulia, na muda huo unasemwa na aliyekutibu. Lakini vidole vilivyo nje ya P.O.P. vichezeshwe, na bega la mkono uliofungwa liinuliwe, kama hukukatazwa. Vidole vikifa ganzi, vikibadilika rangi au maumivu yakizidi sana, rudi hospitali saa hiyo hiyo.

Najua nauli ya kwenda fiziotherapia kila wiki inauma. Nenda na kijana wa nyumbani, afundishwe mazoezi yako, awe anakusimamia. Mwambie mtaalamu waziwazi kwamba unataka kurudi kusujudu na kukaa tahiyyatu, apange mazoezi ya kufika huko. Wengi hawasemi, halafu wanapewa mazoezi ya kupanda ngazi tu. Kabla ya kufika huko swali ukiwa umekaa, dini imekuruhusu, wala usilazimishe goti kwa kuona haya safu ya msikitini.

Kina mama wengine wanaacha tiba kwa sababu mtaalamu ni mwanamume. Omba mwanamke. Akikosekana, ingia na mahram wako, kifunuliwe kinachohitajika tu. Wanazuoni wameizungumzia dharura ya tiba, na kukaa nyumbani mpaka mkono ukakamae si jambo uliloamrishwa. Waume mlisome hili mara mbili.

Limebaki swali la udhu. Anayefungwa P.O.P. asiimwagie maji, kwani ikilowa hulainika na ngozi ya ndani huoza. Osha viungo vilivyo wazi, na juu ya P.O.P. upitishe mkono wenye unyevu kwa kupangusa. Namna ya kutayamamu kwa asiyeweza hata hilo, muulize sheikh wa msikiti wako.

Wallahu a'alam.