Mashine Ipo, Swali Ndilo Halipo

Wasomaji wangu, leo naweka mambo ya programu kando. Nina donge rohoni.

Binamu yangu wa Ukunda aliharisha damu miezi minane. Kila akienda kutibiwa, jibu ni lile lile: ameba. Anapewa vidonge, anarudi nyumbani. Mwishowe akaambiwa avuke Likoni akapimwe kwa kamera inayoingizwa kupitia njia ya haja kubwa. Akaona haya, akaahirisha. Alipokubali alishakonda kama ng'onda, na akakutwa na ugonjwa wa Crohn.

Crohn ni mmoja wa magonjwa mawili makuu ya uvimbe sugu wa utumbo. Mwenzake ni kolaitisi ya vidonda. Eti ni magonjwa ya Wazungu! Haya, utumbo wa binamu yangu una pasipoti ya nchi gani?

Seva ikisuasua, mimi sikimbilii bisibisi. Nasoma logi kwanza. Tumbo nalo lina njia ya kusomwa bila kufunguliwa: altrasaundi. Unapakwa jeli, kifaa kinapitishwa juu ya tumbo, unene wa ukuta wa utumbo unapimwa. Ukizidi milimita 3, na damu ikionekana kupita kwa wingi ukutani, hapo pana jambo la kufuatilia. Hakuna mionzi, hakuna dawa ya kusafisha tumbo, hakuna kuona haya. Ujerumani na Italia madaktari wameizoea kazi hii miaka mingi.

Na msiniambie ni mambo mageni Kwale. Katika utafiti wa kichocho Msambweni, ulioanza miaka ya 1980, watafiti wa Wizara ya Afya na Chuo Kikuu cha Case Western Reserve cha Marekani walitumia altrasaundi kuona jinsi kichocho kinavyoharibu kibofu na figo. Kama kibofu kilitazamwa hapa hapa kwetu, utumbo una kosa gani?

Sisemi altrasaundi inamaliza kazi. Mwisho wa utumbo, ndani ya nyonga, hauonekani vizuri. Kifua kikuu cha utumbo hufanana na Crohn, na kamera ndiyo inayochukua kipande cha kupeleka maabara. Picha ikiwa safi pia haimaanishi mgonjwa ni mzima. Lakini altrasaundi inaweza kuonyesha nani aharakishwe kwenye kamera, na baadaye kama dawa zinafanya kazi, bila kumrudisha mtu kwenye kamera kila mara.

Huku kwetu mashine inaulizwa zaidi swali moja: mtoto tumboni amelalaje? Wanaozishika wafundishwe kuuliza na la pili: huyu aliyemeza dawa za ameba mara tatu bila kupona, ukuta wa utumbo wake ukoje?

Nanyi wenzangu mnaoota akili mnemba ya kusoma picha za hospitali, tulieni kwanza. Picha yenyewe haijapigwa!

Mwasemaje? Uwanja ni wenu.