Kopo, gobele ao biberoni: mtoto anywee wapi wakati kolera inazunguka?

Kwenye maduka ya Birere mjini Goma, na kwenye meza za soko la Kadutu kule Bukavu, gobele za watoto ziko za kila rangi. Kuna zenye mikono miwili, kuna zenye picha ya samaki, na nyingi ziko na mfuniko wenye kamdomo ka plastiki. Muuzaji anageuza moja kichwa chini, anaitikisa: hakuna hata tone linaanguka. Kwa mama mwenye mtoto wa miezi kumi, anayetafuta kumtosha kwenye biberoni, hapo njo anafungua kitambaa cha feza.

Lingekuwa jambo la nyumbani tu kama si kolera. Mwisho wa mwaka 2025, UNICEF ilitangaza kama kolera ya mwaka ule nchini Kongo ilipita zote za miaka 25: wagonjwa zaidi ya 64 000, na zaidi ya 1 800 waliokufa, watoto wakiwa ndani ya hesabu hiyo. Pembeni ya ziwa Kivu na ziwa Tanganyika, toka Goma hadi Uvira, Fizi na Kalemie, ugonjwa huu si mgeni. Wazee wa Goma wanakumbuka Julai 1994. Na vita imeongeza shida. Baada ya M23 kuushika mji wa Goma mwisho wa Januari 2025, makambi ya wahamaji pembeni ya mji yalibaki tupu ndani ya majuma machache. Familia nyingi ziliondoka na mizigo kichwani, kwenda mahali ambako maji safi yenyewe ni ya kutafuta.

Katika hali hiyo, inafaa kuangalia ni kitu gani kinafanya gobele ile isimwage. Chini ya mfuniko kuna kampira kadogo kanakofunga tundu, na maziwa yanapita tu wakati mtoto anavuta kwa nguvu. Nyuma ya kampira hako mabaki ya maziwa na uji yanaganda. Kidole hakifiki, kitambaa hakifiki. Kwa joto la mchana, masaa machache yanatosha vijidudu kuzaana. Tetini ya biberoni iko na shida ileile. Hii ni kusema, mama aliyetoka kwenye biberoni akaingia kwenye gobele ya namna hiyo amebadilisha rangi tu. Mtoto angali anavuta, na kila kifaa kingali kinaomba brosi ndogo na sufuria ya maji yanayochemka.

Na kuchemsha kunataka makala. Wakati barabara ya Masisi ao ya Rutshuru inafungwa, bei ya mfuko wa makala inapanda. Nyumba ikikosa makala ya kutosha, hakuna mtu anaacha kupika fufu. Kinachoachwa ni kuchemsha biberoni. Inasuuzwa na maji ya bido, basi.

Ndiyo maana mwongozo wa kimataifa kuhusu chakula cha watoto wadogo wakati wa misukosuko, toleo la mwaka 2017, unaomba biberoni na tetini zisitumiwe, na watoto wapewe kikombe. Lakini kuna maneno mawili ndani yake ambayo wengi wanayaruka: kikombe kisicho na mdomo. Yaani kopo la kawaida, lililo wazi.

Kopo zuri la mtoto halina maajabu. Liwe dogo, jepesi, la mdomo mpana kiasi cha vidole vya mama kuingia na sabuni hadi chini. Ndani liwe laini, bila pembe na bila mikwaruzo, sababu plastiki iliyokwaruzika inashika uchafu kama kampira. La inox linadumu na linasafishika vizuri, ila uji wa moto unaliunguza, lazima kungojea. Makopo yanayokatwa kwenye chupa yaachwe: ukingo wake unakata midomo, na chupa ikiwa ilibeba dawa ya shamba, hakuna sabuni itakayotosha. Kama mama ameshanunua gobele ya mfuniko, hasara si kubwa. Atupe mfuniko, abaki na kikombe.

Umri nao unawasumbua watu bure. Mtoto wa miezi sita, anayeanza uji na anayeketi akishikwa, anaweza kunywa kwenye kopo. Anakalishwa wima, kopo linagusishwa mdomo wa chini, anavuta mwenyewe kidogo kidogo. Kumwagia ndani ya mdomo ni hatari, anaweza kupaliwa. Atamwaga, ndiyo. Kwa nyumba inayonunua maji kwa bido, hilo linauma. Kwa hiyo linawekwa funda mbili tatu tu, kisha linaongezwa. Madaktari wa watoto wanashauri biberoni iishe kati ya miezi 12 na 18, na anayenyonya mama yake anaendelea na ziwa mpaka miaka miwili na zaidi. Huyo hana lazima ya kupita kwenye biberoni hata siku moja.

Inabaki sababu ambayo mafunzo ya kituo cha afya hayaigusi sana. Biberoni mara nyingi haiko pale sababu mama hajui. Iko sababu asubuhi anaenda kuuza ndizi, na mtoto anabaki na dada wa miaka minane. Yule dada anaweza kuegemeza biberoni kwenye kitenge, akaendelea kuchota maji. Kopo linamtaka aketi, ashike mtoto, angoje amalize. Ni kazi ya dakika kumi, na mara kadhaa kwa siku. Wengine wanaweka chai ya sukari ndani ya biberoni ili mtoto alale, na meno ya mbele yanaanza kuoza kabla hata hayajatoka yote.

Nyumba zinazofaulu ni zile mama anaweza kukamua maziwa kabla ya kutoka, akayaacha ndani ya chombo safi chenye kifuniko, na koko ao jirani mtu mzima akakubali kulishika kopo. Wengine wanaenda na mtoto sokoni, kopo likiwa ndani ya kikapu, limefunikwa na sahani juu ya nzi.