Dawa ya Asiyeona Isomwe na Nani?

Mgonjwa akitoka kwenye dirisha la dawa hukabidhiwa bahasha ndogo iliyoandikwa kwa kalamu: "1 x 3". Mwenye macho huelewa kuwa ni kidonge kimoja, mara tatu kwa siku. Lakini kwa babu wa Butiama mwenye mtoto wa jicho, au mama wa Bunda aliyepofushwa na presha ya macho, bahasha zote ni sawa. Ya sukari na ya shinikizo la damu hazitofautiani mkononi. Na baadhi ya dawa za sukari zikimezwa mara mbili kwa makosa, hushusha sukari mno. Mtu aweza kuzimia, hata kufa.

Wengi husema, "Atasomewa na mjukuu." Lakini mchana mjukuu yuko shuleni. Tena si kila ugonjwa mtu angependa usomwe na mtoto au jirani.

Mwaka 2004 Umoja wa Ulaya uliagiza jina la dawa lichapwe pia kwa nukta nundu kwenye boksi. Ni jambo jema, ila kwetu peke yake halitoshi. Mara nyingi boksi hubaki kwa mtoa dawa. Mgonjwa hupewa vidonge vilivyohesabiwa kutoka koponi, au vilivyokatwa kwa mkasi. Isitoshe, aliyepoteza macho uzeeni kwa kawaida hakujifunza nukta nundu. Wanaozijua, kama waliofundishwa Shule ya Msingi Mwisenge hapa Musoma, yafaa waandikiwe.

Kwa maoni yangu, wa kuanza ni mtoa dawa. Bahasha ya kwanza aifunge mpira mmoja wa kufungia noti, ya pili mipira miwili. Amwekee mgonjwa mkononi, amweleze kazi ya kila dawa na saa zake, kisha amwombe ayarudie maelezo hayo mwenyewe. Kwa anayeona kidogo, aandike kwa herufi kubwa na wino mweusi: ASUBUHI 1, JIONI 1.

Nasi nyumbani tusihamishe dawa bila kumwambia mwenyewe, wala tusichanganye vidonge katika chupa moja. Na mwenye mtoto wa jicho apelekwe hospitali, kwani upasuaji waweza kumrudishia kuona.

Basi, wewe unayemsindikiza mzee zahanati, usikubali kuondoka dirishani kabla hajaweza kuzitambua dawa zake kwa kuzipapasa.